Tulilipia mwalimu wa skii, tukapandishwa mlimani bila mwalimu. Vijana wa Nakuru, msitume pesa kabla ya kusoma hapa

Wanajamvi, nimenyamaza tangu Februari kwa sababu mama aliniomba nisianike mambo ya kikundi hadharani. Jana nimetumiwa tangazo la safari ya mwakani ya kikundi hicho, ya kwenda kuskii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni. Nafasi 12, na chini kabisa maneno yale yale tuliyoandikiwa sisi: "mafunzo ya skii pamoja na mwalimu yamejumuishwa." Basi leo naandika. Kikundi sikitaji, wala mwenyekiti wake simtaji. Wahusika wakisoma watajijua.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Free Area, nina miaka 29. Nashona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga. Hilo la kukanyaga mlishike, nitalirudia.

Kikundi chetu cha vijana kina urafiki wa miaka mingi na vijana wa kusini mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Austria. Wao walikuja huku, tukawapandisha Menengai, tukawalisha, wakalala kwetu. Safari hii ilikuwa zamu yetu kwenda. Kila mmoja alitakiwa kutoa shilingi 148,000, zilizobaki wenyeji wakasaidia. Nilichangiwa baada ya ibada Jumapili mbili, na mama kule Bahati akauza mbuzi wawili. Mchanganuo tulitumiwa WhatsApp na bado ninao kwenye simu: mafunzo ya skii siku tatu na kukodi vifaa, 30,000. Bima ya michezo ya theluji, 7,000. Naandika hizo mbili tu kwa sababu, ukiacha vifaa vya kukodi, ndizo ambazo hatukuziona.

Theluji ya karibu kabisa niliyowahi kuiona kabla ya hapo ni ile ya kilele cha Mlima Kenya, nikiwa Nanyuki, asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Wengi wetu tisa tulikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyedanganya kwamba anajua. Kwenye mkutano wa mwisho, mbele ya wazazi, mwenyekiti aliulizwa waziwazi: hawa watoto wetu wataanguka wavunjike? Akajibu kwamba kuna uwanja wa tambarare wa wanaoanza, kuna mwalimu mwenye cheti, na kuna bima. Wazazi wakapiga makofi. Mama yangu alikuwepo na alipiga makofi.

Siku ya kwanza tulifika dukani pa kukodi vifaa. Hapa nitaeleza taratibu, maana ndipo mambo yalipoharibikia na mimi sikujua mpaka nilipokuwa nimeshaumia.

Kiatu cha skii ni plastiki ngumu, kinapanda mpaka katikati ya muundi, na kifundo cha mguu hakiwezi kugeuka hata kidogo. Kiatu hicho kinashikwa kwenye ubao wa skii na vishikizo viwili, kimoja mbele ya vidole na kingine kwenye kisigino. Kazi yake si kushika tu. Ukianguka vinatakiwa viuachie mguu kabla goti halijapindishwa. Vinakazwa kwa skrubu, na kiasi cha kukaza hupangwa kwa uzito wako, kimo chako, umri, urefu wa soli ya kiatu, na kiwango chako cha uzoefu. Anayeanza huwekewa chini ili viachie mapema. Anayejua na anayekwenda kasi huwekewa juu ili visimchomoke njiani.

Mwenyekiti anajua Kijerumani, aliwahi kukaa kule. Alizichukua fomu zetu zote tisa akazijaza mwenyewe, amesimama, kwa kalamu moja, sisi tukiwa tumekaa tunahangaika na viatu. Kwenye ile fomu kuna visanduku vitatu vya kiwango, 1 ni wa tahadhari na anayeanza, 2 wa kati, 3 wa kasi. Yangu ina alama kwenye 2. Nakala ninayo. Mimi, ambaye dakika ile nilikuwa naulizia kiatu kinafungwa upande gani, nimeandikwa mtu wa kiwango cha kati. Nilipomuuliza baadaye alisema hakutaka kikundi kigawanywe na tucheleweshwe.

Kutoka dukani, uwanja wa wanaoanza ulikuwa pale pale chini. Niliuona kwa macho. Kuna mkeka unaotembea wenyewe, unasimama juu yake unakupandisha taratibu, na watoto wa miaka minne mitano walikuwa wamejipanga nyuma ya mwalimu mmoja. Nikasema, ni hapa. Mwenyekiti akasema hapo ni pa watoto, sisi ni watu wazima, twendeni juu. Mwalimu je? Akasema yeye mwenyewe atatuonyesha, yeye amewahi.

Tukapanda kwa kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, dakika kama kumi hivi, na kule juu njia zina alama za rangi. Ujerumani na Austria, bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ngumu. Bluu mteremko wake hauzidi asilimia 25 isipokuwa vipande vifupi, nyekundu inafika asilimia 40. Asilimia 40 maana yake ukisogea mita 10 mbele umeshuka mita 4. Nimelijifunza hilo nikiwa kitandani. Siku ile niliona tu nguzo yenye kibao cha duara jekundu, na sikuambiwa maana yake.

Mafunzo yetu ya shilingi 30,000 yalikuwa haya: "Ncha za mbele zikaribiane, visigino vipanuke, kama kipande cha piza. Ukitaka kusimama panua zaidi." Sekunde moja kwa kila mmoja, halafu akatangulia. Hakutuambia tuelemee mbele. Mtu akiogopa hujivuta nyuma, ni mwili wenyewe unafanya hivyo, na ukijivuta nyuma zile ncha za mbele hazishiki theluji, skii zinakukimbia. Hakutuambia jinsi ya kuanguka kwa upande. Hakutuambia kamba za zile fito mbili za kushika mkononi tusizibane, na kijana wetu mmoja, mekanika, alianguka amekamata fito akapinda kidole gumba mpaka leo hawezi kukaza nati vizuri.

Mimi nilikwenda kama mita 60. Nilipanua visigino kama nilivyoambiwa, mteremko ukawa mkali kuliko nguvu za mapaja yangu, nikaona watu mbele yangu, nikajitupa kushoto nisiwagonge. Mwili ukaenda kushoto. Mguu wa kulia ukabaki umefungwa kwenye skii, na skii ikaendelea kuzunguka. Kishikizo hakikuachia. Nikasikia kitu kimekatika ndani ya goti, kama uzi wa nailoni unavyokatika ukikazwa kupita kiasi kwenye cherehani.

Mama mmoja mgeni nisiyemjua ndiye aliyesimama. Alivua skii zake akazichomeka kwenye theluji hatua chache juu yangu, zimepishana kama herufi X, ili wanaoshuka waone kuna mtu ameumia wanipishe. Akavua koti lake akanifunika. Mpaka watu wa uokoaji wanafika na sleji yao ya kubebea majeruhi kwenye theluji, yule mama alikuwa amepiga magoti kwenye theluji amenishika mkono, hatuna lugha hata moja ya pamoja. Mwenyekiti alikuwa ameshafika chini. Alipigiwa simu.

Sasa bima. Viza ya Schengen haitolewi bila bima ya safari ya angalau yuro 30,000, kwa hiyo karatasi ya bima kila mmoja alikuwa nayo na sote tuliamini ndiyo hiyo. Kumbe ile ni ya kawaida. Michezo ya theluji katika bima nyingi za safari huongezwa kwa malipo ya ziada, na yetu haikuongezwa. Nilipoipeleka ofisini hapa mjini, binti wa kaunta aliifungua ukurasa wa nne akaniwekea kidole kwenye mstari wenyewe: skii haimo. Sisemi kwamba bima imenionea. Bima haikulipwa. Zile 7,000 mara tisa ni 63,000. Ziko wapi?

Sleji, picha za goti na daktari wa kule vilifika yuro 412. Aliyelipa ni mama mwenyeji wangu, kwa kadi yake mwenyewe, mtu mstaafu. Bado nina deni lake, moyoni na kwa kweli, na yeye hataki hata kulitaja. Hiyo ndiyo aibu ninayoibeba, si ya kuanguka.

Siku ya tatu nilikaa dirishani pa mkahawa wa chini, mguu juu ya kiti, nikaangalia darasa la watu wazima kwenye uwanja ule ule tuliokatazwa. Walikuwa watano, mmoja mvi kichwa kizima. Mwalimu aliwafanya wavae skii moja tu, mguu mmoja na kiatu tu, mwingine kwenye ubao, wakazunguka duara kama watu wanaosukuma baiskeli ndogo ya watoto. Wakabadilisha mguu. Zaidi ya nusu saa. Halafu skii zote mbili, wakatembea kupanda kwa ubavu, hatua kwa hatua. Ndipo wakaachiwa kuteleza, labda mita kumi, mahali ambapo ardhi yenyewe inakusimamisha. Kila aliyefika alicheka. Nililia pale dirishani, na si kwa ajili ya goti. Nililipia hicho. Mama yangu aliuza mbuzi kwa ajili ya hicho hasa.

Nimerudi nyumbani, nikaambiwa kano ya ndani ya goti imechanika nusu. Wiki sita za kuvaa kifaa cha kushika goti, halafu mazoezi ya tiba ambayo bado nayalipia. Cherehani ya kukanyaga haikanyagiki kwa goti hilo. Oda za sare za muhula wa pili, shule mbili ambazo nimezishonea miaka yote, zilikwenda kwa mtu mwingine, na shule ikishahama fundi hairudi kwa huruma.

Nilipoyaandika haya kwenye grupu la kikundi, jibu la mwenyekiti lilikuwa kwamba mtu mzima anajua mipaka yake, na kwamba Philip Boit naye alikuwa hajaona theluji lakini alifika Olimpiki. Kisha nikaondolewa kwenye grupu.

Nitamjibu hapa kwa kuwa kule nimefungiwa. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati kutoka pande za Eldoret. Mwaka 1996 alipelekwa Ufini na mwenzake Henry Bitok, wakagharamiwa, wakapewa kocha. Alikwenda Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, takriban miaka miwili baadaye. Na skii zake zilikuwa za nyikani, za kujisukuma kwenye njia ndefu, ambazo kisigino kinakuwa huru. Hakutupwa mteremkoni. Katika kilomita 10 alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari kama dakika 20 amkumbatie. Yule alikuwa mwanamichezo wa kulipwa, mwenye mapafu na miguu ya mashindano, na bado alipewa mwalimu na muda. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na akaiwakilisha Kenya kwenye skii za mteremkoni mwaka 2018, amelelewa Austria tangu utotoni. Ukitaka kutumia majina ya Wakenya hawa, yatumie kutetea kufundishwa, usiyatumie kunyamazisha fundi wa Free Area.

Ninachotaka ni hiki. Risiti ya mwalimu, na kama hakuna risiti, 30,000 za kila mmoja zirudi, ukitoa tu gharama halali ya vifaa. Risiti ya bima ya skii, au 7,000 zirudi. Yuro 412 zirudishwe kwa yule mama mwenyeji, na zipelekwe na kikundi, si na mimi. Na tangazo la mwakani lishuke mpaka wazazi wasomewe hesabu mbele yao, pale pale walipopiga makofi.

Nyinyi 12 mnaochanga sasa, nendeni, sisemi msiende. Wale watu ni wakarimu na milima ile ni mizuri. Lakini ombeni jina la shule ya skii na mpige simu wenyewe. Ombeni karatasi ya bima mtafute neno skii mpaka mlione. Na fomu ya kukodi jaza kwa mkono wako, ukiandika kwamba hujui kitu.

Nyongeza, saa tatu usiku: Nimepigiwa simu na mtu wa kamati. Anasema nikifuta uzi huu nitatumiwa 20,000 kesho asubuhi. Nimemwambia tulikuwa watu tisa. Namba yangu ya M-Pesa wanayo, na za wenzangu wanane wanazo pia. Uzi unabaki.