Dola 85 wabadilishe skrini, kumbe kuzima mguso ni bure! Mafundi wa mashine, hii ni haki?

Ndugu zangu, jambo kwenu wote. Nina hasira na sitaificha, nivumilieni.

Mimi ni mama wa sekretaria hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Nachapa TFC na memwari za wanafunzi (zile kazi ndefu za kumalizia masomo ya chuo), barua za kuomba kazi, na karatasi za kanisa wakati wa harusi. Ukurasa franga 500. Laptopu ninayofanyia kazi niliinunua okazio, yaani iliyokwisha kutumika, mwaka jana kwa mtu anayeziingiza kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ina skrini ya kugusa. Sikuiomba hiyo skrini. Muuzaji ndiye aliyeisifia: "Mama, hii ni taktile, unagusa kama telefoni." Nikamwambia mimi nachapa kwa vidole kumi, cha kugusia kioo nitakitoa wapi? Akasema nitazoea.

Mvua zilipoanza, shida ikaanza nazo. Niko katikati ya sentensi, mara kishale kinaruka chenyewe na kutua aya tatu juu. Ukitazama vizuri, unaona kiduara cheupe kwenye pembe ya chini, mkono wa kulia. Kinatokea, kinafifia, kinatokea tena, kama mtu anagonga kutoka ndani ya kioo. Pembe hiyo ina ufa mdogo, urefu wa ukucha, ulikuwepo tangu siku niliyonunua.

Sasa elewa kazi yangu. Mtu anayechapa maandishi ya mkono hatazami skrini, anatazama karatasi. Macho yangu yako kwenye mwandiko wa mwanafunzi, vidole vinakimbia. Nikiinua kichwa, nusu ya aya imeshaingia mahali pasipo pake. Kijana mmoja alipeleka TFC yake kwa mwalimu anayemwongoza, na katikati ya shukrani kwa baba na mama yake pakakutwa mistari minne ya sura ya pili inayohusu mmomonyoko wa udongo. Alirudi kwangu na ile karatasi mkononi. Hakugombana. Alisema tu, "Yaya (dada mkubwa), umenifanyia nini?" Nilimchapishia upya nakala zote kwa pesa yangu, na aibu ile bado ninayo.

Fundi wa kwanza hata hakuishika mashine vizuri. "Iko na virusi, mama." Dola 20, akafuta kila kitu, akaweka Windows upya, siku tatu nzima nimekaa bila kazi. Nilipoiwasha dukani, kiduara kilikuwa palepale. Nikarudi kwake, akaniambia basi ni virusi vya nguvu.

Fundi wa pili, mjini, mwenye duka la vioo na kibao kikubwa: "Ekra (skrini) ilishakufa, tuibadilishe tu. Dola 85." Nikamuuliza, picha ni safi, rangi ni safi, herufi nazisoma zote, kilichokufa ni nini? Akaniangalia kama mama asiyejua kitu, akasema kama sitaki nipeleke kwingine. Dola 85 ni kurasa ngapi za kuchapa? Alijua siwezi kubishana naye kwa mambo ya ufundi, akaegemea hapo.

Aliyenisaidia ni mwanafunzi wa informatika aliyekuja kutoa fotokopi ya kadi yake. Aliona ninavyolalamika, akaniomba nichomoe chaja. Kiduara kikapungua mbele ya macho yetu. Nikairudisha, kikaanza upya. Akanieleza: juu ya picha kuna wavu wa nyaya nyembamba usioonekana, na wavu huo unahisi kidole kwa sababu mwili wa mtu unavuta umeme kidogo sana kutoka kwenye kioo. Kioo kikipata ufa au unyevu, au chaja ikiwa mbaya na soketi haina waya wa ardhini, wavu unachanganyikiwa na kuona vidole visivyokuwepo. Na sisi hapa umeme unakatika, unarudi na nguvu zake, tunahamia kwenye jenereta, chaja zenyewe ni za kuokoteza. Ile picha na ule mguso ni vitu viwili. Kimoja kinaweza kuharibika na kingine kikabaki kizima.

Halafu akauzima ule mguso. Dakika mbili, nimehesabu! Naandika hapa kwa ajili ya mwenzangu yeyote aliye na mashine ya Kifaransa kama yangu. Nenda pale pa kutafutia, chini, andika Gestionnaire de périphériques. Likifunguka, tafuta Périphériques d'interface utilisateur, bonyeza kishale chake. Ndani utaona mstari wenye maneno Écran tactile. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua Désactiver l'appareil, kubali. Kama mistari ya Écran tactile ni miwili, zima yote miwili. Kibodi na kipanya vinaendelea kama kawaida. Ukitaka mguso urudi, unapita njia ileile na kuchagua Activer.

Basi. Hakuna virusi, hakuna kioo kipya.

Ninachouliza hao mafundi wawili: hamkujua, au mlijua mkanyamaza? Kama hamkujua, mnafungua duka kwa kazi gani? Kama mlijua, ile dola 20 yangu ni ya nini?

Na waliotengeneza mfumo nao siwaachi. Ile padi ya kipanya ina swichi yake kwenye Paramètres (mipangilio), mtoto anaiona. Skrini ya kugusa haina swichi pale, si kwenye Windows 10 wala 11. Lazima upite kwenye orodha ndefu ya vifaa yenye majina ya kutisha, ambayo mtu wa kawaida anaogopa hata kuigusa. Mtu ana kioo kinachomharibia kazi, mnamfichia kitufe cha kukizima!

Mbaya zaidi, wiki iliyopita mashine ilijisasisha usiku, asubuhi mguso ukawa umerudi. Sikujua. Nimechapa kurasa sita za memwari kabla ya kuinua kichwa, nikakuta tena kile kiduara na aya zimechanganyika. Nimeuzima upya, na sasa kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza naipitia ile orodha nihakikishe.

Yule kijana aliniambia kwamba baadhi ya laptopu za ofisini zina mstari wa kuzima mguso ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, unaifungua kabla Windows haijawaka), na ukizimwa humo Windows haiwezi kuuwasha tena. Kwangu nimeingia kwa F2, nimepitia kurasa zote, sijauona. Kuna mwenye laptopu ya okazio aliyeupata? Uko ukurasa gani, chini ya neno gani? Na kama kuna aliyechomoa waya wa mguso mwenyewe bila kuzima picha, anieleze alivyofanya, maana najua kwenye mashine nyingine waya ni mmoja kwa vyote viwili na sitaki kubaki gizani. Kijana mwingine analeta sura zake nne Jumatatu.