Kocha mpya akiingia, timu hubadilika wapi kwanza? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, kocha mpya akitambulishwa tu, swali la kwanza ni atatumia mfumo gani. Mfumo unaonyesha watu wanasimama wapi kabla mpira haujaanza kutembea. Mtindo ni wanachofanya ukishatembea, hasa ndani ya sekunde chache baada ya kuupoteza au kuupata. Waliofundisha, waliochambua video na waliokaa golini, leteni mnachokijua: kocha anagusa nini kwanza, inachukua muda gani, na inakwama wapi. Wekeni mita na dakika.

Naanza na klabu ya Yanga, katikati ya 2023. Nasreddine Nabi anaondoka baada ya ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika iliyopotea kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Anaingia Miguel Gamondi. Dirisha hilohilo la usajili mshambuliaji Fiston Mayele anakwenda Pyramids na Feisal Salum anakwenda Azam. Kwa Nabi, mashambulizi mengi yaliishia kwa Mayele, aliyefunga 17 kwenye ligi na 7 Shirikisho. Gamondi alihamishia mabao kwa viungo, yaani wachezaji wa kati ya uwanja. Mshambuliaji wa kati akawa wa kwanza kukaba na wa kuwavuta mabeki, na nafasi inayobaki inaingiwa na Aziz Ki, Pacome na Maxi wakitokea nyuma. Aziz Ki alimaliza ligi na mabao 21. Tarehe 5 Novemba 2023 dhidi ya Simba ilikuwa 1-1 hadi mapumziko, kisha Yanga wakaongeza manne. Ukirudia video ya kipindi cha pili, angalia mpira unaponyakuliwa: mara nyingi wapo watu watatu au wanne mbele ya mstari wa mpira, tayari kukimbia.

Wa benchi la ufundi, Morogoro

Nakubaliana, ila watu wasidhani hilo linafundishwa ubaoni. Kazi ya wiki ya kwanza ni moja tu: mpira ukipotea, nani anakwenda na nani anabaki. Mengine yasubiri.

Anza na eneo la mita 10 kwa 10, wanne nje, wawili kati. Wawili wakinasa mpira, wanne wana sekunde tano za kuurudisha kabla haujatoka nje ya koni. Wachezaji wakizoea, panua: mita 40 kwa 30, saba kwa saba, bao linalofungwa ndani ya sekunde nane baada ya kunasa mpira linahesabiwa mawili. Dakika nne kazi, mbili pumziko, mizunguko minne. Usizidishe, kwa sababu mzunguko wa sita watu wanakaba kwa kutembea, na hapo unawafundisha kukaba kwa kutembea.

Kosa kubwa linatokea mstari wa nyuma. Kocha anawasukuma washambuliaji na viungo wapande, mabeki wanabaki walipozoea. Timu inakatika vipande viwili, kati yake kuna mita 40 za uwazi, na namba sita (kiungo mkabaji) anaachwa peke yake azime moto. Mashabiki wanamtukana namba sita wakati kosa ni la mabeki wa kati, ambao hawakupanda. Kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa kwanza isizidi mita 30 hivi timu inapokaba. Njia rahisi ya kulifundisha: tandaza kamba au koni kila mita 10, na mechi ya mazoezi isimame kila beki wa mwisho anapobaki nyuma ya koni aliyopangiwa.

Baada ya hapo ndipo ufundishe ishara za kukaba kwa juu, yaani kumbana mpinzani karibu na lango lake. Tatu zinatosha: pasi ya kurudi nyuma, mpokeaji akiwa ameelekea lango lake, na pasi kwa beki wa pembeni aliye karibu na chaki ya pembeni. Mmoja akienda bila wenzake, anapitwa kwa pasi moja. Kwa hiyo wa pili na wa tatu ndio wa kufundishwa zaidi, maana wa kwanza huwa anakwenda mwenyewe.

Kocha wa viungo

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kutoka kukaba kwa chini kwenda kukaba kwa juu, mbio ndefu haziongezeki sana. Zinazoongezeka ni mbio kali fupi za mita 10 hadi 20, kusimama ghafla na kugeuka. Mzigo wote unaingia kwenye misuli ya nyuma ya paja na kwenye nyonga. Jürgen Klopp aliingia Liverpool Oktoba 2015, msimu umeshaanza, bila maandalizi yake mwenyewe. Kufika Januari walikuwa na foleni ya majeruhi, wengi wa nyuma ya paja. Walifika fainali mbili msimu ule, Kombe la Ligi na Europa League, wakapoteza zote.

Kama mechi ni Jumamosi: Jumatatu kurudisha mwili, Jumanne au Jumatano ndiyo siku nzito ya kazi ya kukaba, Alhamisi mbio kali chache zenye pumziko refu, Ijumaa dakika 45 nyepesi na mipira ya kutenga (kona na faulo). Mazoezi ya kuimarisha nyuma ya paja (kupiga magoti, mwenzako akikushika vifundo, unashuka mbele polepole) yaanze wiki ya kwanza kwa seti mbili za marudio matano, mara moja kwa wiki. Ukianza na seti tatu za kumi, kesho yake hawatembei na utalaumiwa wewe.

Mabeki wa pembeni wafuatilie kipekee. Mtindo ukibadilika, wao ndio hubadilishiwa mwili mzima.

Mfuatiliaji wa ligi ya Uingereza, Nairobi

Kuhusu muda, linganisheni wawili. Antonio Conte, Chelsea, 2016. Alifungwa 3-0 na Arsenal Septemba 24, akahamia 3-4-3 (mabeki watatu, viungo wanne, washambuliaji watatu), kisha akashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kuchukua ubingwa kwa pointi 93. Watu wanasema ni mfumo. Lakini Chelsea msimu ule hawakuwa kwenye mashindano ya Ulaya. Conte alikuwa na wiki nzima kati ya mechi na mechi, na aliitumia kuwapanga 11 bila mpinzani, kurudia njia zilezile za pasi hadi zikae miguuni. Pia watu walitosha kwenye nafasi: Azpilicueta beki wa kati upande wa kulia, David Luiz katikati, Moses akasukumwa kuwa beki wa pembeni anayepanda.

Sasa Ruben Amorim, Manchester United, Novemba 2024. Naye mabeki watatu nyuma, lakini ratiba imejaa, Europa League Alhamisi, ligi Jumapili. Mazoezi mengi ni ya kurudisha mwili. Walimaliza nafasi ya 15 kwa pointi 42. Sisemi ratiba peke yake ndiyo iliyowaangusha, wachezaji wa pembeni hawakufaa kazi hiyo vilevile. Ila mtu akikuahidi mtindo mpya huku ana mechi mbili kwa wiki, muulize atafundisha siku gani.

Golikipa

Mmemsahau kipa. Mstari wa nyuma ukipanda hadi karibu na nusu uwanja, kipa anayebaki kwenye mstari wa goli anaacha mita 40 bila mwenyewe. Anatakiwa asimame ukingoni mwa 18 (eneo la penalti) au mbele yake kidogo mpira ukiwa kwa mpinzani, na arudi hatua mbili tatu mpira ukivuka nusu. Pep Guardiola alipofika Manchester City 2016 alimtoa Joe Hart akamleta Claudio Bravo. Haikutosha, mwaka uliofuata akamleta Ederson, na msimu huo City wakafikisha pointi 100. Yanga walikuwa na bahati ya kipa Diarra, ambaye miguu yake ilikuwa tayari kabla ya Gamondi.

Kocha akiwa na kipa asiyeweza kupiga pasi kwa mguu dhaifu, asilazimishe kuanzia nyuma kila mara. Mpira upigwe mrefu upande mmoja uliokubaliwa, na watu watano wawe tayari kuugombea ukidondoka.

Wa mchangani, Mbagala

Mnaongea vizuri, lakini timu nyingi zina mazoezi mara mbili kwa wiki, mipira sita na uwanja wenye mabonde. Kwenye uwanja wa namna hiyo pasi fupi za nyuma ni kujitafutia bao, mpira unadunda mguuni na mshambuliaji yuko mita tano. Ukiwa kocha mpya huko, badilisha vitu viwili tu mwezi wa kwanza. Kurusha mpira wa pembeni: watatu karibu na mrushaji na mmoja nyuma yao, maana kwa mechi moja mtarusha mara nyingi kuliko kona na faulo zote. Na mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya kugombewa hewani: kila mpira mrefu ukipigwa, namba sita na namba nane (kiungo mwenzake) wasimame mita 8 hadi 10 nyuma ya anayeruka, mmoja kila upande. Chukua dakika 20 za kila zoezi, kipa anapiga, watu wanagombea, mnabadilishana.

Mabeki nao wapande wakati mpira uko hewani. Wakisubiri hadi udondoke, wamechelewa.