Rangi za alfajiri zinapotea kwenye picha, nifanyeje?

Binti_Jambiani:
Wadau, habari za asubuhi. Nipo Jambiani, mashariki ya Unguja. Jua linatutokea baharini, mbele ya mlango. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya 18–55. Kwa macho naona zambarau, kisha waridi, kisha rangi ya chungwa. Kwenye picha zote zinakuwa manjano ya chai iliyopoa, na penye jua pana tundu jeupe. Simu ya mdogo wangu inaishinda kamera! Tatizo nini?

MzeeWaLenzi:
Binti yangu, kamera haina kosa, umeiachia tu ikuamulie. Ile WB (mizani ya weupe) kwenye menyu ikiwa "auto", kazi yake ni kuondoa rangi iliyozidi ili cheupe kionekane cheupe. Sasa alfajiri, hiyo rangi iliyozidi ndiyo uliyoiamkia. Weka kwenye alama ya jua, au Kelvini 5200 (kipimo cha rangi ya mwanga) kama inaruhusu, usiiguse tena.

Ukipiga RAW (faili ghafi la kamera) badala ya JPEG (picha iliyokwisha kuchakatwa), rangi unaweza kuirekebisha hata baadaye. Tundu jeupe halina dawa. Pima mwanga kwenye anga pembeni ya jua, si mchangani, kisha punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Angalia na histogramu ya rangi, ile grafu ya mwanga: nyekundu hugonga ukingo wa kulia, yaani mwanga umezidi, mapema, wakati picha kwenye kioo bado inakudanganya kuwa iko salama.

Simu ya mdogo wako inazitia rangi chumvi, isikutie wivu.

Halafu wahi. Huku karibu na ikweta jua hupanda karibu wima. Toka likiwa nyuzi 6 chini ya upeo mpaka lichomoze ni dakika kama 22 tu. London mwezi Juni huzidi 40. Zambarau yako haimsubiri mtu anayetafuta betri gizani. Ukishaswali toka, chai utakunywa ukirudi.

Kijana_Kigamboni:
Mzee, mbona anga ikiwa safi kabisa picha zangu zinakuwa butu?

MzeeWaLenzi:
Kwa sababu hakuna cha kupakwa rangi. Mwanga wa jua lililo chini hupita hewa nyingi, buluu inatawanyika njiani, unabaki wekundu. Mawingu mepesi ya juu yanaupokea kwa chini, tena kabla jua halijatoka. Lile zito lililolala juu ya upeo ndilo linaloharibu kazi.

Ila anga safi nayo ina lake: geuka magharibi. Utaona ukanda wa waridi, na chini yake buluu ya kijivu. Hiyo buluu ndiyo kivuli cha dunia yenyewe. Wengi wanakipa mgongo.

Binti_Jambiani:
Shukrani, mzee wangu. Na wavuvi wakisukuma ngalawa wanatoka weusi tii, niwashe flashi?

MzeeWaLenzi:
Flashi ya nini? Waache weusi, umbo la ngalawa na matengo yake, zile mbao za ubavuni, linatosha. Subiri tu watengane, wasiwe donge moja, na waombe ruhusa kabla. Nenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: alfajiri maji yanakuwa yanatoka, yanaacha mchanga umelowa, na rangi zote unazipata mara mbili. Chuchumaa, kamera iwe chini kabisa. Kitambaa cha kufutia chumvi usisahau.