Sireni imelia, nisaini PV ya alarmu ya moto ama ningoje?

Mwenye hoteli, Goma
Jambo bakubwa. Niko na hoteli ndogo huku Himbi, orofa tatu. Teknisie amemaliza kuweka alarmu ya moto, jana akafinya butoni moja ya nyekundu pale resepsio, sireni ikalia mpaka bageni bakatoka nje, akazima akasema tumemaliza, sasa anataka nimusainie PV, ile karatasi ya kukubali kazi imeisha, nimumalizie pesa. Mambo ya elektroniki mimi siyajui. Nisaini?

Fundi wa Bukavu
Ngoja kwanza mukubwa. Butoni moja imefanya kazi, ni hiyo tu umeona. Azunguke detekta zote, vile vidude vya dari vinavyosikia moto, na butoni zote, na ule moshi wa kopo wa kujaribia, si kuchoma magazeti, na wewe ubaki mbele ya santrali, lile sanduku linaloongoza alarmu yote: akiweka moshi chumba 14 santrali iandike chumba 14. Majina yakichanganyikana, usiku zamu, yule mulinzi, atapanda orofa isiyo yenyewe. Kisha atoe kichwa cha detekta moja, santrali ionyeshe pane, ni kusema kitu kimeharibika, norme ya Ulaya EN 54 inataka isipite sekunde 100. Na afungue waya kwenye sireni ya mwisho kabisa. Santrali ikikaa kimya, ujue ile rezistansi ya mwisho wa laini, kidude ambacho santrali inakitumia kujua waya ni mzima, wameiacha ndani ya santrali yenyewe ili taa ya pane isiwake, ujanja wa zamani huo, waya ukikatika hakuna atakayejua.

Lubumbashi umeme
Na batri! Umeme wetu munaujua. Mule ndani kuna batri mbili za volti 12 zimefungwa pamoja kupata 24, muulize hesabu yake. Norme ya BS 5839 ya Uingereza inataka masaa 24 bila umeme halafu sireni ilie nusu saa. Santrali ikikula ampere 0.25 ikiwa imetulia, kwa masaa hayo 24 hiyo peke yake ni 6 Ah (ampere-saa, ukubwa wa batri), ongeza sireni na akiba ya batri kuzeeka inapita 8, sasa kama yeye ameweka za 7 kwa sababu ndizo ziko sokoni, hazitoshi 😅. Azime disjonkta, swichi ya umeme, leo asubuhi, kesho mupigishe sireni kwa batri tu.

Jirani wa Goma
Angalia kama vile vifuniko vya plastiki vya detekta vilivaliwa mpaka rangi na usafi viishe, vumbi yetu ya volkano ikiingia mule italia bure kila wiki na batu batazoea. Jikoni iwe ya joto, si ya moshi. Tena lala kwenye kitanda, mlango umefungwa: pale kwenye mto hiyo BS inataka desibeli 75, sireni ya koridoo mara nyingi haifiki.

Mwenye hoteli, Goma
Aksanti sana. Jikoni ameweka ya moshi kweli. Na karatasi? Amenipa fakture tu, kode ya santrali anasema inabaki kwake.

Fundi wa Bukavu
Hapana, kode ni yako, aiandike kwenye karatasi. Akupe pia plani ya vile waya zilipita kwa kweli, ripoti ya kila detekta iliyojaribiwa, na daftari ya kuandika kila alarmu na kila pane. Na amufundishe zamu wa usiku, si wewe peke yako, juu saa nane ya usiku wewe uko nyumbani. Zamu aangalie kwanza ni chumba gani, kuzima kelele ni baadaye. Hiyo ya jikoni aibadilishe kabla ya kusaini, akishachukua pesa utamupigia simu mpaka uchoke.