Tupeane uzoefu: ajali uliyoipata barabarani, na kosa lako wewe lilikuwa wapi

Mwanzisha uzi, Njiro

Wakuu, Desemba imeshaingia. Muda si mrefu barabara ya Moshi itajaa magari yanayotoka Dar, watu wanapanda nyumbani kwenye mbege na nyama. Nimeona tupeane uzoefu mapema, ila kwa sharti moja. Ajali yoyote ukisimuliwa, mwenye makosa huwa ni yule mwingine. Humu sema lako tu: kabla ya kishindo, wewe ulikuwa unafanya nini? Naanza na mimi.

2019 tulikuwa tunarudi kutoka msibani Marangu. Saa mbili usiku, tumeshapita Boma Ng'ombe tunaitafuta KIA, kule uwanja wa ndege. Mbele yupo mke wangu, nyuma mama mkwe na kijana wetu. Nikaona matawi barabarani. Sote tunajua matawi maana yake nini, mbele kuna gari bovu. Lakini mnajua pia jinsi yanavyoachwa pale siku tatu baada ya gari kuondoka, mpaka mtu unazoea. Nikayakanyaga nikapita, niko themanini na kitu. Mara basi likatokea mbele limewasha taa full. Kwa kama sekunde mbili sikuona kitu, na badala ya kutoa mguu kwenye mafuta nikaendelea tu, naendesha barabara niliyoikariri kichwani. Basi lilipopita, kona ya tela ilikuwa usawa wa kioo cha kushoto.

Nilikwepa nusu. Tela lilichana ubavu mzima wa gari kuanzia taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, kama kopo la samaki. Mke alikuwa na mkanda, akakatwakatwa na vioo tu. Mama mkwe hakufunga, na sisi hatukumwambia afunge, maana mkanda tunaufungia trafiki na trafiki hachungulii nyuma. Alirushwa kwenye siti ya mbele akavunjika mtulinga. Wiki mbili hospitali ya KCMC, mama wa watu, na hata siku moja hajanilaumu. Bora angenilaumu.

Lori halikuwa na taa wala pembetatu, ni kweli. Ila matawi niliyaona. Na jioni ile ile nilishapigiwa taa mara tatu na madereva wananionya kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo mbele. Kuhusu lori hakuna aliyeniwashia.

Siku hizi nikipigwa full macho nayapeleka kwenye mstari mweupe wa kushoto, na mguu unatoka kwenye mafuta hapo hapo. Na siwashi gari mpaka nisikie mikanda ya nyuma imelia.

Mama Mitumba, Pasua, Moshi

Pole sana kaka, na bibi mfikishie pole. Mimi kosa langu nililifanya miezi minne kabla ya ajali.

2021 nilinunua matairi mawili ya mtumba kutoka Japan. Kashata (yale meno ya tairi) zimejaa, muuzaji kayapaka ile dawa nyeusi yanang'aa kuliko ya dukani. Nikajiona mjanja. Siku hiyo natoka Arusha na marobota yangu, buti limejaa na siti ya nyuma imejaa, jua la saa nane, nimeshapita njia panda ya KIA. Nikasikia kama mtu kapiga ngoma mara moja chini ya sakafu. Gari likavutwa kulia. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Lilizunguka, likavuka upande wa pili, likalala kwenye shamba la alizeti magurudumu yanatazama mlima. Mungu alinifagilia barabara, hakuna gari lililokuwa linakuja. Nilitoka kupitia dirishani na kiatu kimoja, na cha kwanza nilichofanya, msicheke, ni kuhesabu marobota.

Gari lilipovutwa gereji fundi akachukua kitambaa, akafuta ubavu wa lile tairi la pili lililobaki zima, akaniita. Kuna kiduara kirefu kama yai na ndani namba nne: 3809. "Dada, hili limetengenezwa wiki ya 38, mwaka 2009. Una tairi la miaka 12 hapa." Namwambia mbona kashata zipo? Akasema kashata zinaisha kwa kutembea, mpira unazeeka hata likilala stoo. Halafu nilikuwa nimelijaza upepo wa gari tupu na kupakia mzigo juu yake. Upepo ukiwa mdogo tairi linajikunja kila linapozunguka, linapata moto, na lile la zamani halivumilii.

Mnaosafiri, likipasuka: shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta, breki usiiguse kwanza. Acha gari lipoteze mwendo lenyewe, ndipo ulipeleke pembeni taratibu. Inasikika rahisi. Mimi naifanyia mazoezi kichwani kila nikipita pale kwenye alizeti.

Dereva wa watalii, Arusha

Langu fupi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nimeacha wageni Karatu, narudi Arusha gari tupu, nina haraka ya mpira jioni. Ule mteremko wa kushukia Mto wa Mbu nikaweka fri, yaani gari halina gia, ili kubana mafuta. Breki tu ndiyo inabeba Land Cruiser nzima. Katikati ya kona nikasikia harufu kama kamba inaungua, pedali ikawa laini kama sponji, kisha ikaenda mpaka chini. Nilipigania gia ya pili ikagoma, ya tatu ikaingia kwa kelele, gari nikalisugua kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Ubavu ule ulibadilishwa wote.

Wazee wa malori wanasema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Breki ikipata moto sana haishiki, na mafuta yake yakichemka pedali inakanyaga hewa. Injini ndiyo ikushike, breki uiguse na kuiachia.

Ngaramtoni Februari 2024 lori lilikosa breki, watu 25 wakafariki. Na nikipita Rhotia huwa nazima redio. Wa Arusha mnajua, ajali ya basi la shule Mei 2017, watoto 32 wa darasa la saba walifariki.

Chalii wa Sakina

Mimi toyo, pikipiki. Njia nne ile ya Sakina hadi Tengeru, mahali pa kugeuzia ni mbali, abiria anakwambia pita hapa hapa upande wangu, nikaingia kinyume pembeni. Mama anatoka getini na Vitz, anaangalia upande magari yanakotoka, ambako ndiko anatakiwa aangalie. Kwa nini aangalie kwangu? Nikaingia kwenye bonneti. Mguu una vyuma hadi leo. Nilikuwa naokoa kama mita mia nne hivi.

Mdau wa Kijenge

Mimi samahani mwanzisha uzi, kwangu kosa halipo. Nimesimama zebra kupisha wanafunzi, kama sheria inavyotaka, Hiace ikaja ikanikandamiza nyuma. Hawa jamaa hawaachi nafasi, wanawahi abiria, leseni sijui wamezipata wapi.

Mwanzisha uzi

Pole mkuu. Taa za breki zilikuwa zinawaka?

Mdau wa Kijenge

Mkuu umeuliza kama trafiki aliyekuja kupima. Moja ilikuwa imekufa wiki tatu. Nyingine siku hiyo niligundua nayo imekufa. Balbu haifiki hata elfu tatu. Haya, nimesema.

Muuguzi, Moshi

Nasoma tu ila nimeshindwa kunyamaza. Wasamaria wema mnatuletea watu mmewabeba wawili, mmoja kwapani mmoja miguuni, kichwa kinaning'inia. Shingo ikiwa imeumia, ule mbebo ndio unaommaliza. Kama gari haliwaki moto na mtu anapumua, mwacheni alivyo, mmoja amshikilie kichwa kisicheze, mwingine apige 112. Damu inayotoka kwa kasi ibane kwa kitambaa na usikiachie kuchungulia. Helmeti ya bodaboda msiivue kwa pupa. Na maji ya kunywa, jamani, msimpe. Sijui nani alitufundisha kumpa majeruhi maji.

Mdau wa Usa River

Niongeze la karatasi, maana mimi ajali ilikuwa ndogo ila ilinila kuliko gari. Tuligusana na jamaa Maji ya Chai, mimi natoka barabara ndogo, nikakubali kosa. Tukamalizana kishkaji, nikampa laki na nusu, tukapeana mikono, trafiki hatukumwita. Baada ya siku tisa napigiwa simu, shingo inamuuma na gari linahitaji laki nane. Sina picha, sina shahidi, sina karatasi. Kampuni ya bima wananiuliza ripoti ya polisi iko wapi.

Ndipo nilipojifunza. Aliyeumia anachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, gari linakaguliwa na polisi, na bima hawaanzi hadithi na wewe bila karatasi za polisi. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga, lako unatengeneza mwenyewe, wengi hatujui hilo hadi siku yenyewe. Na kabla hujasafiri ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, uone kama bima yako kweli ipo. Kuna watu wanatembea na risiti ya hewa.

Mdau wa Rombo, niko Sakina

Mama Mitumba, nimetoka nje sasa hivi na tochi ya simu. Nimelala chini ya Noah kwenye tope, majirani wanafikiri nimedondosha hela. Ya mbele yote mawili ni 2219. Ya nyuma kushoto namba imefutika, ya nyuma kulia ni 1411.

Ijumaa napanda Rombo na watoto wanne na bibi yao. Mke nimeshamwambia ile mbuzi ya Krismasi tuifikirie upya, amenuna. Mwenye fundi wa matairi wa kuaminika hapa Arusha, asiyepaka dawa, aniambie yuko wapi.