4294967297 ni namba tasa au siyo?

Swali
Wakuu, naomba msaada kuhusu 4294967297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haiigawi. Nimepima kwa Python: 2 kwa kipeo cha 4294967296, ukigawa kwa namba yenyewe baki ni 1, kama ilivyo kwa namba tasa. Mbona wanasema ina vigawo? Vinapatikanaje bila kujaribu namba tasa zote hadi 65536? Na kwenye lugha ya programu ya C, kwa nini inachapwa kama 1?

Jibu la 1
Siyo tasa, mkuu. Ni 641 × 6700417. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa kwa sababu ndugu zake 3, 5, 17, 257 na 65537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, jumlisha 1) ni tasa. Mwanahisabati Euler ndiye aliyeipasua, mwaka 1732.

Kigawo tasa chake chochote, ukikigawa kwa 128, lazima kibakishe 1. Anza basi: 129, 257, 385, 513, 641. 129 na 513 zinagawika kwa 3, 385 kwa 5, zitupe. 257 inaacha baki 2. Inayofuata ni 641, na hapo umefika!

Gawa kwa mkono uone. 4294 kwa 641 ni 6, baki 448. Shusha 9: 4489 ni 7, baki 2. Shusha 6: 26 haitoshi, andika 0. Shusha 7: 267 haitoshi, andika 0 tena. Shusha 2: 2672 ni 4, baki 108. Shusha 9: 1089 ni 1, baki 448. Shusha 7: 4487 ni 7 kamili. Wengi huziruka hizo sifuri mbili wakapata 67417.

Jibu la 2
Kipimo chako cha vipeo vya 2 hakiwezi kuikamata namba hii. 2 kwa kipeo cha 64 tayari inabakisha 1, na 4294967296 ni kigawe cha 64, kwa hiyo jibu ni 1 hata kama namba si tasa. Pima kwa 3, baki haitakuwa 1.

Kuhusu C: biti 32 zinaishia 4294967295, kisha hesabu inarudi 0, halafu 1. Tumia uint64_t (aina ya namba ya biti 64) kuihifadhi, ila usipimie vipeo humo. Baki 4294967296, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inatoa 2 kwa kipeo cha 64, nayo inageuka 0. Python haina kikomo hicho.

Jibu la 3
Naongezea: 6700417 yenyewe ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na kanuni ileile ya 128 inaacha namba tano tu za kujaribu: 257, 641, 769, 1153 na 1409. Mabaki ni 170, 44, 120, 334 na 622. Kwa hiyo vigawo vya 4294967297 ni vinne tu, ukihesabu 1 na yenyewe, na jumla yake ni 4301668356.