Feni zinazunguka, kioo cheusi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nimeunda kompyuta ya gemu kwa mikono yangu, ya kwanza maishani. Ubao mama wa AM5 (soketi ya prosesa za AMD), prosesa ya Ryzen 5 7600, vijiti viwili vya RAM (kumbukumbu) aina ya DDR5, kila kimoja GB 16, na kadi ya grafiki. Nikiwasha, feni zote zinazunguka na taa zinameremeta, ila monita inaandika kwamba haipokei chochote, kisha inalala. Nangoja dakika moja, nazima, nawasha tena. Nimerudia kama mara kumi. Nahisi prosesa imeungua. Niirudishe?

*

Marahaba mdogo wangu. Usirudishe kitu, prosesa ni ya mwisho kabisa kushukiwa.

Kwanza acha kuzimazima. AM5 ikiwashwa mara ya kwanza huanza kuipima RAM na kuizoea, na muda wote huo kioo ni cheusi tii. Huchukua dakika kadhaa. Ukizima katikati, kazi inaanza upya, kwa hiyo hizo mara kumi zako huenda ulikuwa unajicheleweshea mwenyewe. Washa, kaa mbali na swichi dakika 15.

Ukiwa unasubiri, chungulia nyuma. HDMI umeichomeka kwenye kadi, au juu kule kwenye ubao, karibu na USB? Inatakiwa kwenye kadi. (Mimi nilichomeka juu, nikahangaika jioni nzima. Msinicheke.)

Halafu tafuta taa nne ndogo pembeni mwa ubao: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki), BOOT (diski ya kuwashia). Ipi inabaki inawaka?

*

HDMI iko kwenye kadi. Nimengoja dakika 20 kwa saa. Inayowaka ni DRAM. Vijiti nimevipanga tundu la kwanza na la pili kutoka kwenye prosesa, vimebanana.

*

Nimekudaka hapo. Vijiti viwili huwekwa tundu la pili na la nne, kwa kawaida yameandikwa A2 na B2. Zima swichi ya pawa saplai, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Anza na kijiti kimoja, A2. Kandamiza kwa vidole gumba, ncha hii kisha ile. Mbao nyingi zina kibanio upande mmoja tu, kwa hiyo huo mwingine hudanganya: unauona umekaa, kumbe unaning'inia. Utatumia nguvu kuliko unavyopenda, na ubao utapinda kidogo. Moyo utakuruka, endelea.

Ingekuwa taa ya CPU, ningekutuma kwenye waya wa pini 8 kule juu kwenye kona. VGA, waya za umeme za kadi.

*

Jamani! Ncha ya chini ilikuwa imeinuka unene wa ukucha. Nimekandamiza hadi ikalia "ka!" Dakika ya nne BIOS (ukurasa wa mipangilio ya ubao) hiyo hapo. Nikaongeza cha pili B2, ikangoja tena, sasa inasoma GB 32.

Ila RAM niliinunua ya 6000, hapa inaonyesha 4800. Nimeuziwa kitu kingine?

*

Hapana, hiyo ndiyo kasi yake ya kuanzia. Ingia BIOS, washa EXPO (mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa), hifadhi. Itajiwasha upya na kioo kitakuwa cheusi tena.

Usizime!